Tanuri la Tyge

Nilikuwa nimepanga kwenda peke yangu. Nilishavaa gauni la kijani, nikalivua, nikavaa sweta la kijivu, nikalivua pia, nikalirudia gauni. Nilikuwa nafunga mlango nilipomwona mama mkwe wangu amesimama kwenye njia ya changarawe, koti limefungwa vifungo vyote, mkoba mkononi.

"Unakwenda kwa Asger," akasema.

"Nakwenda kula, Mama."

"Basi twende tukale."

Mama Ragna ana miaka sabini na minne na nyumba yake iko hatua kumi na tisa kutoka kwangu. Nimezihesabu mara nyingi, hasa katika miaka hii minne tangu Tyge afariki. Yeye alimpoteza mwana wa pekee, mimi nikampoteza mume, na kwa kuwa hatukujaliwa mtoto, tumebaki wawili kwenye kilima hiki cha Hasle, mji mdogo wa bandari kisiwani, kila mmoja akichungulia taa ya mwenzake kabla ya kulala. Sijawahi kumnyima kitu. Lakini Ijumaa ile ya mwezi wa tano, kama kungekuwa na namna ya kumrudisha ndani bila kumuumiza, ningemrudisha.

Wiki mbili nyuma, Asger Funch alikuwa ameniuliza kama nitakubali kuishi naye. Hakupiga goti wala hakutoa pete. Alikuwa juu ya ngazi akiipaka chokaa dohani ya banda la moshi, nami nimemshikia ngazi. Aliuliza bila kugeuka, brashi ikiendelea kwenda juu na chini. Nikamwambia nitamjibu siku ya kufungua mgahawa wake.

"Nikuulize tena, au utasema mwenyewe?"

"Nitasema mwenyewe."

Jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa ndiyo. Nilikuwa nimelibeba wiki mbili kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa, natembea polepole lisimwagike.

Tuliteremka kuelekea bandarini, jua bado liko juu na upepo wa magharibi unavuta nywele. Mama Ragna alinishika mkono kwenye mteremko. Banda lile ni lake. Babu wa Tyge alilijenga, baba yake akalirithi, kisha Tyge mwenyewe, na wote walifanya kazi ile ile: kutundika samaki wa heringi kwenye fimbo, kuzipanga juu ya moto, na kuutuliza moto kwa tambara bichi lililofungwa kwenye mti mrefu, mpaka samaki wageuke rangi ya dhahabu. Baada ya Tyge, banda lilikaa limefungwa. Paa likaanza kuvuja. Asger aliporudi kutoka Texas msimu wa majani kuanguka na kuomba kulipanga, afungue mgahawa wa nyama za Kimarekani, Mama Ragna alikubali kwa sharti moja tu, dohani zisibomolewe. Wakati huo hakujua mengine. Pengine hata mimi sikuyajua.

"Amepaka chokaa vizuri," akasema tulipofika.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe uliishika ngazi vizuri. Jytte aliniambia."

Akatangulia kuingia.

Ndani mlikuwa mmejaa. Asger alikuwa ameweka meza ndefu za mbao na mabenchi, watu wakae bega kwa bega, na juu ya kila meza bunda la karatasi ya kufutia mikono na mtungi wa matango ya siki. Chakula kilikuja kwenye sinia la bati lililotandikwa karatasi ya bucha: vipande vya kidari cha ng'ombe vyenye ukingo mweusi, mbavu, kachumbari ya kabichi, kipande cha mkate wa mahindi. Sahani hakuna. Uma hakuna.

Kwenye benchi letu alikaa Preben, aliyetuletea barua miaka thelathini kabla ya kustaafu, na Jytte mkewe. Preben alikuwa amelikazia macho sinia kama mtu anayesoma barua ya mwingine.

"Wanasema imekaa motoni saa kumi na nne," akasema. "Jytte alimzaa mtoto wetu wa kwanza kwa saa tisa."

"Na ulilalamika njaa saa zote tisa," akasema Jytte.

"Nilikuwa kijana. Uma uko wapi?"

"Hakuna uma, Preben. Wamarekani wanakula kwa mkono."

"Ndiyo maana wana karatasi nyingi hivi. Nilidhani kuna mtihani."

Mama Ragna alifungua mkoba wake bila haraka, akatoa kitambaa kilichokunjwa, akakikunjua. Ndani mlikuwa na uma wake wa fedha na kisu. Akaviweka mezani mbele yake. Preben akavitazama kwa wivu wa wazi.

Hapo Asger akatoka jikoni. Nilimwona kabla hajaniona, na nilijipa sekunde hizo kama zawadi. Alikuwa amevaa aproni ngumu ya turubai, mikono ya shati imekunjwa, macho mekundu ya mtu asiyelala. Ana kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alilolipata huko Texas. Nalijua kovu lile kwa kidole. Aliponiona, mabega yake yalishuka kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akamwona aliye pembeni yangu, mabega yakapanda tena.

"Mama Ragna. Karibu. Umenipa heshima."

"Sikukupa. Nimekuja kuangalia paa."

"Halivuji tena."

"Nimeona." Akamkagua kutoka kichwani mpaka viatuni. "Umekonda, wewe Funch. Mpishi aliyekonda hanipi imani."

"Ni usingizi tu. Nimekesha na moto siku tatu." Akanigeukia. "Vibeke."

"Asger."

Hatukusema zaidi. Lakini Jytte alitazama mtungi wa matango kwa bidii kubwa, kwa hiyo najua tulisema.

"Lile dude lako la chuma liko wapi?" akauliza Preben. "Lile la kuchomea nyama, lililokuja na meli."

"Liko nje, nyuma. Upepo huu wa magharibi unalipuliza moshi mpaka kwenye nguo za watu zilizoanikwa. Jumatano nilikata tamaa nikawasha tanuri la zamani." Akamtazama Mama Ragna. "La kwenu. Natumaini sikukosea. Linavuta vizuri kama siku zile, kama halikuwahi kuzimwa."

Mkono wa Mama Ragna ulikuwa umeushika uma.

"Na nyama yenyewe tamu?" akauliza Jytte.

Asger akacheka. "Mniambie nyinyi. Mtu akikaa na moshi siku tatu pua yake inakufa. Nyama na soksi kwangu ni kitu kimoja."

Akaitwa jikoni, akaenda. Nikachukua kipande cha kidari kwa vidole, nikakitia mdomoni.

Mwanzo ilikuwa nyama. Laini, chumvi kiasi, pilipili manga, mafuta yaliyoyeyuka. Nikafikiri, ameweza, na fahari ikanipanda kifuani. Kisha, nilipokwisha kuimeza, kitu kingine kikabaki nyuma ya ulimi. Kilikuja taratibu kama mtu anayeingia chumbani asiwaamshe waliolala. Ukali wa kuni nyekundu za miti ya kando ya vijito ambazo watu wa moshi wa hapa wanazichoma. Mafuta ya samaki, mbali sana. Na juu ya hayo, utamu mwembamba wa mti wa matunda ya plamu.

Hakuna mwingine Hasle aliyekuwa anatupia vijiti vya plamu motoni dakika za mwisho. Alikuwa Tyge peke yake. Alivikata kwenye mti wa nyuma ya jiko langu.

Nikakaa na vidole vyangu hewani.

Kwa mara ya mwisho ladha ile ilikuwa mdomoni mwangu asubuhi aliyofariki. Hilo sijawahi kumwambia mtu. Walipomkuta ameketi kwenye kiti chake mbele ya tanuri, mgongo umeegemea ukuta, gari la wagonjwa likaja na likaondoka naye bila kupiga king'ora. Mama Ragna alipanda naye. Mimi nikabaki nimesimama pale, na samaki walikuwa bado motoni, fimbo ishirini. Wangeungua. Nikachukua ule mti wenye tambara nikautuliza moto, nikasubiri, nikawatoa walipoiva, kwa kuwa sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu. Nikala mmoja, nimesimama. Walikuwa samaki wazuri kuliko wote aliowahi kuwatoa.

Sasa alikuwa mdomoni mwangu tena.

Nilimtazama Mama Ragna. Alikuwa amekata kipande kidogo, mraba, kwa adabu yake yote. Alikitafuna. Akaacha kutafuna. Kisha akaendelea polepole mno, macho yameganda kwenye mbao za meza, na akameza. Akaulaza uma.

"Vibeke," akasema kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Sikujua kwamba chumba kizima kilikuwa kinanyamaza mpaka kiliponyamaza. Haikuwa kwa mara moja. Meza ya dirishani ilinyamaza, kisha ya katikati, kisha wale vijana wa karakana ya boti waliokuwa wakicheka na mbavu mikononi. Wageni wawili wa baiskeli kutoka bara waliendelea kuongea Kijerumani, wakaona, wakashusha sauti bila kujua sababu. Watu wa Hasle walikula samaki wa Tyge kila Jumamosi kwa miaka kumi na tano. Ulimi hausahau kirahisi.

Preben alikuwa amevua miwani yake. Aliifuta kwa karatasi yenye mafuta, ikazidi kuchafuka.

"Huyu ni Tyge," akasema. Hakumwambia mtu yeyote.

"Preben," akasema Jytte.

"Lakini ni yeye, mama watoto. Onja."

"Nimeonja. Nyamaza."

Asger akatoka na sinia jingine, akaukuta ukimya ule, akasimama. Alizungusha macho meza hadi meza, nikaona anavyohesabu makosa yake: chumvi, moto, saa. Akaja kwetu moja kwa moja.

"Imeharibika?"

Nikamsogezea sinia langu. Alichukua kipande, akatafuna kwa pua yake iliyokufa, akatikisa kichwa kwamba hapati kitu. Akachukua maji ya Preben, akasukutua mdomo, akajaribu tena, macho amefumba. Nikaona uso wake unavyobadilika kuanzia mdomoni kwenda juu.

"Ukuta," akasema.

Mtu wa nchi nyingine angelikwangua tanuri lile siku ya kwanza. Angeona masizi meusi yanayong'aa kama lami, unene wa kidole, akaita watu wa usafi. Asger alikuwa kijana wa Hasle. Alifundishwa kazi na baba wa Tyge, yeye na Tyge pamoja, wakiwa na miaka kumi na sita, na jambo la kwanza walilofundishwa ni kwamba ukuta wa tanuri hauoshwi. Ukuta ndio urithi. Aliuacha kwa heshima. Joto la saa kumi na nne, ambalo samaki hawahitaji hata robo yake, lilikuwa limeyayeyusha masizi ya Tyge na kuyarudisha hewani, na nyama ikayanywa.

"Samahani," akasema. "Mama Ragna, Vibeke, samahani sana. Natoa chakula chote. Kesho nitausugua ukuta ule mpaka tofali lionekane."

"Utausugua," akasema Mama Ragna.

"Nitausugua."

"Umechukua banda lake. Sawa, nilikupa mwenyewe. Umechukua moto wake. Unataka mke wake, usidhani sijui, mimi ni mzee, si kipofu. Sasa kilichobaki cha mwanangu duniani kiko kwenye ukuta, na wewe unaniambia utachukua brashi."

Hakupaza sauti. Ingekuwa afadhali angepaza.

"Mama," nikasema.

"Sijamaliza. Ulikwenda huko Marekani mwaka mwanangu na Vibeke walipooana. Nilishukuru Mungu ulipokwenda. Ungekaa huko huko."

Asger alisimama na mikono imening'inia. Hakujitetea. Nafikiri nilimpenda zaidi kwa hilo kuliko kwa jambo lolote alilowahi kunifanyia, na papo hapo nikaona lile bakuli langu, lililojaa kwa wiki mbili, limepata ufa. Niliinuka. Nilipita kati ya mabenchi, nikasukuma mlango wa chumba cha tanuri, nikaingia.

Mle ndani hamkuwa na giza, dirisha la juu lilikuwa linaingiza jua lote la jioni. Ingekuwa rahisi zaidi kama kungekuwa na giza. Kila kitu kilionekana: mdomo wa tanuri, makaa mekundu, kuta zake zinatoa jasho jeusi. Pembeni pale palipokuwa na kiti, hapakuwa na kiti. Lakini nilisimama mbali na mahali pale, kama unavyompisha mtu aliyekaa.

Asger aliingia nyuma yangu akaurudisha mlango. Nao haukujifunga sawasawa, bawaba zake ni za zamani.

"Ana haki ya kusema vile," akasema.

"Si yote."

"Mengi." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Ulikuja kunijibu leo."

"Ndiyo."

"Sitakuuliza. Tutafanya siku nyingine. Siku ambayo Tyge hayumo ndani ya chakula."

"Asger, nataka nikwambie jambo, na ukishalisikia huenda hutaki tena jibu lolote."

Alisubiri. Ni mtu anayejua kusubiri, kazi yake ndiyo hiyo.

"Ile kadi uliyotuma. Yenye picha ya barabara na ng'ombe."

"Niliwaandikia wote wawili. Heri ya mwaka mpya tu."

"Ilichelewa, ilifika mwezi wa tatu. Tyge aliisoma mezani asubuhi, akinywa kahawa. Akaiweka. Akaniuliza, 'Unamfikiriaga?' Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza kama kutanyesha." Nilijikuta nimeukunja upindo wa gauni mkononi. "Nilichelewa kujibu. Nilikuwa na kisu na mkate, nikakata kipande kizima mpaka mwisho ndipo nikasema hapana. Alikaa, akautazama mkate. Akasema, 'Haya, nakwenda kuwasha moto.' Akanigusa hapa kwenye bega akapita. Saa tatu baadaye walikuja kuniita."

Makaa yalipasuka kidogo. Asger hakusogea.

"Ulikuwa unanifikiria?"

"Sijui. Ndicho kinachonitesa. Kama nilikuwa nakufikiria, ningejua la kutubu. Huenda nilikuwa nakata mkate tu. Lakini yeye alikwenda na ule ukimya, akakaa nao hapa, moyo wake ukasimama. Miaka minne namwona anakata kona ile ya jiko, bega langu linapoa pale alipogusa. Nimekuja leo na neno ndiyo, nikaketi kwenye meza yako, na yeye amekuja kuniuliza tena."

"Vibeke. Moyo hausimami kwa ukimya."

"Unajuaje?"

"Sijui," akasema. Ni mkweli mno. "Sijui. Nilikuwa mbali."

Mlango ulisukumwa. Mama Ragna alisimama kizingitini, uma wake bado mkononi. Sijui alikuwa amesimama pale kwa muda gani, ila nilivyomwona uso nilijua ulikuwa wa kutosha. Alinitazama kama mtu aliyegundua kwamba barua aliyoificha ilikuwa ikingojwa na mwingine.

"Kisu na mkate," akasema.

"Mama, sikutaka usikie."

"Miaka minne unalala na hilo?"

Niliuachia upindo wa gauni.

Aliingia, akaenda moja kwa moja mahali pale palipokuwa na kiti, mahali nisipoweza kukanyaga mimi, akaegemea ukuta kwa koti lake zuri. Masizi yakamshika mgongoni.

"Alikuwa amekwenda hospitali mjini Rønne mwezi wa pili," akasema. "Wewe ulikuwa kwa dada yako. Daktari alimwambia mshipa mkubwa wa moyo umechakaa, asubiri aitwe bara kwa upasuaji, na asiingie kwenye joto la tanuri hata siku moja. Alikuja kwangu kutoka huko huko, koti hajavua. Akaniapisha. Alisema, 'Vibeke atanifungia ndani kama kuku. Niache nimalize msimu wa Pasaka, Mama, kisha nitamwambia mwenyewe.'"

Nilisikia maneno yake moja moja. Yalikuwa yanaingia na kukaa, kama watu kwenye benchi.

"Ulijua," nikasema.

"Nilijua. Kila asubuhi nilimwona dirishani akiteremka kuja hapa, nikanywa kahawa yangu. Nilikuwa nimeapa. Ni mwanangu, aliniomba, nikadhani mpaka Pasaka si mbali." Aliufuta uma kwenye koti, pande zote mbili, kisha akaufuta tena. "Na baadaye nikaona umekonda, taa yako hailali, nikajiambia ni msiba. Kila mtu na msiba wake. Ningekwambia, ungeniuliza kwa nini sikumzuia. Ungehama kilima kile. Nani angebaki?"

Hasira ilinijia, siwezi kusema uongo. Ilikuja mpaka mdomoni. Miaka minne, hatua kumi na tisa, na kila jioni aliniletea supu. Lakini nilipomtazama pale ukutani, mdogo, koti limeharibika, nilimwona mtu aliyekuwa akisubiri nimshitaki tangu siku ile ya gari la wagonjwa. Sikuwa na cha kumwongezea.

"Ungebaki na mimi," nikasema. "Ningekasirika, kisha ningebaki."

"Sikujua."

"Hapana. Hukujua."

Kutoka mgahawani ilisikika sauti ya Preben ikiuliza kwa upole kama kuna mtu anayeweza kumwongezea kidogo, hata kipande cha pembeni. Jytte akamwambia aone haya. Akasema haoni haya, anaona njaa na huzuni, na vyote viwili dawa yake ni moja. Kuna mtu alicheka, kisha mwingine, cheko la chini la watu waliotoka makaburini wakafika kwenye kahawa ya msiba.

"Nitawapa nini?" akauliza Asger. Alikuwa amesimama kando muda wote ule, mikono ndani ya aproni.

"Wape kilichopo," nikasema.

"Na ukuta?"

Mama Ragna alinitazama. Wote wawili walinitazama, na nikaelewa kwamba hakuna mwingine mle ndani mwenye haki ya kusema. Nikausogelea ukuta. Nikaweka kiganja changu pale, penye joto la kuvumilika, kwa muda ambao ungetosha kukata kipande cha mkate.

"Usiuoshe," nikamwambia Asger. "Wala usimtunze Tyge humo. Pika kazi yako. Kila siku moshi wako utakaa juu ya wake, na siku moja mtu atakula asijue. Mwache aondoke kwa mwendo wake."

Mama Ragna alifumba macho. Sikuona kama ni kukubali. Lakini hakusema hapana, na yeye ni mtu anayejua kusema hapana.

"Nilikuahidi jibu," nikasema.

"Si lazima leo, Vibeke. Nilishasema."

"Ni leo. Ni hapa, mbele yake." Sikufafanua mbele ya nani. "Nitakuja kukaa na wewe. Lakini kuna usiku nitaamka na bega langu la baridi, na hutaniuliza nafikiria nini."

"Sitauliza."

"Na Jumapili tutakula kwa Mama."

"Sijawaalika," akasema Mama Ragna, macho bado yamefumbwa.

"Na wewe hukualikwa leo," nikamwambia.

Asger alinishika mkono. Hakunibusu, hapakuwa mahali pake, ila alikishika kiganja changu cheusi kwa chake, na masizi yale yakawa yetu sote wawili. Tulisimama hivyo mpaka Preben alipoita tena. Mama Ragna akajing'oa ukutani, akanyoosha koti lake kana kwamba halina doa, akatembea mpaka mlangoni, akauvuta ukafunguka wote.

Asger akapita na sinia. Nikapita mimi. Nilipofika kwenye meza nikageuka kumtafuta, nikamwona bado yuko pale, mkono kwenye mlango, ameegemea pembeni kidogo, akiushikilia wazi kwa muda wa kutosha mtu mmoja zaidi kupita. Kisha akauachia, akaja kuketi.